Shikamoo Bibi, Naomba Njia

Kabla hamjaendelea kusambaza ile hadithi ya rafiki yangu (jina namfichia, ingawa hastahili), kwamba nililewa nikavamia sherehe ya watu na baiskeli nikaikalia keki: sikuwa nimelewa. Mbege, ile pombe ya ndizi ya Wachaga, niliionja baadaye, tena nilipewa kwa huruma.

Ile baiskeli yangu ya mtumba ya saiklokrosi (zile za mashindano ya kwenye tope na nyasi) mnaijua. Tairi zake zilikuwa zimebaki vipara, nikaenda kwa fundi. Akasema: weka kashata, yaani tairi lenye vinundu vya kung'ata tope, mbele na nyuma. Kama mfuko umebana, basi kashata iende mbele, laini libaki nyuma. Nikamcheka. Gurudumu la nyuma ndilo linalosukuma, ndilo linalostahili kashata! La mbele kazi yake kuelekeza tu, lipewe tairi laini likimbie kwenye lami. Nikamwelimisha fundi wa watu karibu nusu saa. Akanisikiliza, akafunga nilivyotaka. Hela alishapokea.

Halafu upepo. Nilisikia kwamba upepo ukiwa mdogo, tyubu inabanwa kati ya rimu na jiwe inatoboka. Kwa hiyo nikamwambia kijana wa kujaza upepo apige mpaka tairi likatae kubonyea. Mnaojua haya mambo, najua mmeshashika vichwa. Subirini.

Kupanda kutoka njia panda ya Machame, kule Kilimanjaro, nilikuwa mfalme. Tairi la milimita 32, gumu, laini, lami kavu. Rafiki yangu na makashata yake yanayonguruma nilimwacha nyuma anahema. (Hii kwenye simulizi yake haimo. Jiulizeni kwa nini.)

Kurudi tukaiacha lami, tukakata kwenye vijia vya katikati ya migomba. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Udongo mwekundu wa kule ukilowa, hata mbuzi anafikiria mara mbili. Rafiki yangu mbele, vinundu vya kashata zake vimeachana vizuri, tope linaingia na kutoka, anapiga mluzi. Mimi nyuma, roho mkononi. Ikaja kona. Baada ya kona, sherehe ya kipaimara.

Hapa twende polepole. Turubai. Viti vya plastiki. Matarumbeta yanapuliza. Mtoto na gauni jeupe, keki mezani, mpiga video amepiga goti. Nikabana breki ya mbele. Tairi lile lililojaa upepo lilikuwa linagusa ardhi kieneo cha kidole gumba, na hicho kidole hakina kucha. Gurudumu likaenda kushoto. Mimi nikaenda kulia. Kashata ya nyuma, haki yake nampa, iling'ang'ania njia vizuri sana. Sisi wa mbele ndio tuliohama.

Nikawa nateleza kwa makalio, taratibu, tena kwa mwendo wa heshima. Tarumbeta moja likakatika katikati ya wimbo. Kwenye kiti cha mwisho alikaa bibi mmoja, macho yetu yakakutana. Jamani, malezi ni kitu kibaya. Mdomo ukafunguka wenyewe: "Shikamoo bibi."

Naye, bila haraka yoyote: "Marahaba mjukuu wangu, karibu."

Nilikuwa nimeshampita. Nikaipita na keki pia (nani kawaambia niliikalia? Keki ilikuwa salama!), nikatumbukia kwenye mfongo, ule mfereji wa maji wa Wachaga, miguu juu, maji ya baridi ya mlimani yakaingia mahali ambapo sitapataja. Kimya. Halafu kijana wa ngoma akapiga moja tu: DUM.

Huyo kijana, nikimpata.

Mpiga video alilipwa kumpiga mtoto. Kanipiga mimi, dakika nzima, na picha akaivuta karibu juu yake.

Mengine mafupi. Wakanivuta, wakanimwagia ndoo mbili, nikavalishwa kanga ya bibi, nikala pilau, nikamtunza mtoto noti iliyolowa. Kesho yake fundi akahamisha: kashata mbele, laini nyuma, upepo akaupunguza mpaka tairi likabonyea kidogo kwa kidole. Hakusema neno. Alinitoza kufungua, akanitoza na kufunga.

Bibi kanitumia salamu kwamba kuna shughuli nyingine mwezi ujao, na nimealikwa rasmi. Wamesisitiza nije na daladala.