Msichague Flutter kabla ya kuitazama printa

Nyaraka za zabuni za halmashauri, za kutengenezewa programu ya simu ya kukusanya ushuru wa soko, siku hizi zinaudhi. Ukurasa wa kwanza tu umeshaamuru: programu itengenezwe kwa Flutter (zana ya Google ya kuandika msimbo mara moja kwa simu za aina zote), ifanye kazi Android na iPhone. Simu watakazoshika wakusanya ushuru hazijatajwa, printa haijatajwa. Kazi yenyewe, yaani kupokea ushuru wa soko, kutoa risiti papo hapo na kutuma kumbukumbu mtandao ukirudi, imetupwa mwishoni.

Printa ndiyo inayoivunja ahadi ya kuandika mara moja. Hizi ndogo za karatasi ya milimita 58, za bei ambayo halmashauri inaimudu, nyingi hutumia Bluetooth ya zamani kwa njia ya SPP, inayopitisha data kana kwamba kuna waya. Kwenye Android unafungua soketi, unatuma amri za ESC/POS (lugha ya printa za risiti), risiti inatoka. Kwenye iPhone njia hiyo imefungwa mpaka kifaa kiwe na idhini ya MFi, ya vifaa vya kuunganishwa na iPhone, kutoka Apple, na printa za bei hiyo kwa kawaida hazina. Maana yake iPhone itataka printa nyingine, ya BLE (Bluetooth mpya isiyokula umeme mwingi), na msimbo wake. Sasa mmeokoa nini? Plagini mnayoipakua, yaani msimbo wa mtu mwingine wa kuongea na printa, ndani yake ni Kotlin au Java upande wa Android, Swift upande wa iPhone, juu yake Dart, lugha ya Flutter. Aliyeiandika akichoka, mnarithi zote. Android 12 ilipoleta ruhusa ya BLUETOOTH_CONNECT, ambayo mtumiaji lazima aombwe, programu zilizolenga toleo hilo kwa plagini zisizotunzwa ziligomewa na printa.

Kazi za chinichini, kama kutuma kumbukumbu programu ikiwa imefungwa, nazo zina mtego. WorkManager, maktaba ya Android inayoziratibu, haikubali kazi ya kujirudia chini ya dakika 15, uandike kwa lugha yoyote. Lakini kwenye Flutter, ukisahau kuweka alama ya @pragma('vm:entry-point') juu ya funksheni inayoitwa kutoka upande wa Android, toleo la mwisho likijengwa inaweza kufutwa kama msimbo usiotumika. Mezani kwa msanidi kila kitu kinakwenda. Sokoni kumbukumbu hazitumwi, na anayebanwa jioni ni mkusanyaji.

Nakubali, shingo upande: programu ya fomu na orodha, wateja wenye simu za kila aina, timu ya watu wawili, Flutter inafaa. Basi jengeni kwa --split-per-abi, inayotoa faili yake kwa kila aina ya prosesa, maana amri tupu ya flutter build apk inafungasha msimbo wa prosesa za aina tatu kwenye faili moja, na bando ni la mtumiaji. Pimeni kasi kwa --profile, hali ya kupimia utendaji, kwenye simu halisi ya RAM GB 2. Emuleta, simu ya kuigiza kwenye kompyuta, haiikubali hali hiyo. Anayetaka Android na iPhone zishiriki msimbo wa mahesabu tu, skrini ziandikwe kando, anayo Kotlin Multiplatform, thabiti tangu Novemba 2023.

Kwa ushuru wa soko, simu hununuliwa na halmashauri yenyewe. Inunue Android za modeli moja, programu iandikwe kwa Kotlin, na fedha za toleo la iPhone zinunue printa za akiba, betri na karatasi.