Tuambieni wajumbe wa bodi ya mishahara wana mashamba wapi

Nimesoma habari inayotaka wajumbe wa bodi ya mishahara ya kilimo hapa Tanzania, inayompendekezea waziri kima cha chini cha mshahara, wasiegemee upande wowote. Kwa wajumbe wa waajiri na wa wafanyakazi hilo haliwezekani, wala halihitajiki; wametumwa kutetea upande wao. Wasiwasi wangu uko kwa mwenyekiti na yeyote anayeitwa huru. Huku Mufindi na Njombe, mtumishi au mstaafu mwenye ekari zake za chai au parachichi ni mtu wa kawaida kabisa, na si kosa. Lakini mwenye vibarua shambani akipiga hesabu ya kima cha chini, anajipangia gharama zake mwenyewe. Atangaze maslahi yake mapema, kisha akae pembeni.

Halafu kibarua anasemewa na nani? TPAWU, chama cha wafanyakazi wa mashambani, wapo kwenye mashamba makubwa, ila wachumaji wengi wa parachichi wa msimu hawana hata kadi ya chama. Amri ya mishahara ya serikali ya 2013 iliweka kima cha chini cha shilingi 100,000 kwa mwezi kwa kilimo, ya 2022 ikapandisha hadi 140,000. Lakini hiyo ni ya kwenye karatasi; njooni jioni mizanini, majani yanapopimwa. Mchuma chai analipwa kwa kilo. Karani anakata uzito wa tenga, anakata na maji kama majani yamelowa mvua, kinachobaki ndiyo hela yake. Mjumbe asiyewahi kusimama pale ataamini makaratasi ya mwenye shamba. Kabla ya kumpelekea waziri mapendekezo, bodi ije Mufindi na Rungwe iwasikilize wachumaji wenyewe, mnyapara akiwa mbali.