Sekunde Mbili Tu, Kipanya Kimelala

Jamani, nimeshafuga mbwa mvivu, nimeshakaa na shemeji asiyeamka mpaka adhana ya adhuhuri, lakini kiumbe chenye usingizi kama kipanya changu cha kompyuta sijapata kuona. Ukikisukuma kinakwenda vizuri. Ukikiachia kidogo unywe chai, ile taa nyekundu ya tumboni inazimika. Ukirudi unasugua meza kama unapiga pasi, mshale kwenye skrini umekukodolea tu. Mpaka ukibonyeze ndipo kinashtuka: naam bosi, nipo.

Nina kibanda cha stesheneri, laptopu moja, printa moja. Mpwa wangu ndiye aliyeniwekea Linux, ule mfumo unaoiendesha kompyuta. "Anko, hii haikusumbui na virusi." Kweli, virusi sijawaona. Nasumbuliwa na kipanya.

Nikakipangusa kwa spiriti. Nikahamisha tundu la USB. Nikazima nikawasha, maana kila anayepita kibandani, hata muuza mihogo, dawa yake ni hiyohiyo. Nikaenda Kariakoo nikanunua kingine. Kile kipya nacho kikalala, tena hakijazoea hata meza!

Jumamosi akaja dada mmoja na CV yake, ana usaili Jumatatu. Sasa mimi kila nikikiamsha kipanya nabonyeza gurudumu la katikati, tena mara mbili tatu kwa hasira, maana ndipo kidole kilipo. Kumbe kwenye Linux gurudumu lile linapesti! Maneno yoyote uliyoyapaka rangi mara ya mwisho, hukuyakopi wala nini, ukibonyeza tu yanashuka mshale ulipo. Na mimi nilikuwa nimetoka kuusoma ujumbe niliomwandikia mwenye nyumba, na nina ugonjwa wa kuyapaka rangi maneno ninayoyasoma. Sikuona kitu. Nikaprinti nakala 3, dada akalipa, akaenda zake.

Usiku nikampigia mpwa.

"Anko, andika xinput list, ituorodheshee vipanya na kibodi zilizomo."

Nikaandika. Ikaniletea kitu kinaitwa xwayland-pointer. Nikamwambia hicho mimi sijanunua. Akacheka mpaka akakohoa.

"Kumbe uko Wayland, mtambo mpya wa kuchora skrini. Amri hiyo ni ya X, ule mtambo wa zamani, hapo haikuonyeshi kipanya chenyewe. Andika sudo libinput debug-events, tuone kipanya kinasema nini."

Loo, mistari ikamiminika: POINTER_MOTION, POINTER_MOTION, kama konda anaita abiria. Nikabofya, ikaja BTN_LEFT. Kila kitu kizima.

"Sasa tulia kidogo, Anko." Nikatulia. "Haya, sogeza."

Nikasogeza mpaka kiwiko kikauma. Hata mstari mmoja haukuja.

"Kipanya hakiumwi, Anko. Kimelazwa. Si wewe uliyelalamika chaji inaisha haraka?"

Ni mimi. Umeme ulikuwa unakatika kila jioni, nikamlilia, akaiweka powertop, programu ya kubana matumizi ya umeme, ijiendeshe kila kompyuta inapowaka, ndiyo maana zima-washa haikusaidia kitu. Ikapita tundu kwa tundu: asiyefanya kazi sekunde 2, alale. Sekunde 2! Mimi chafya yangu peke yake inazidi hapo. Na kipanya kikishalala, kusukumwa hakisikii, kinasikia kubonyezwa tu. Wiki mbili za mateso, pesa ya kipanya kipya, na dawa yenyewe ni neno moja ndani ya kijifaili kinachoitwa control: palipoandikwa auto, weka on. Mpwa akapanga ibaki hivyo hata nikizima. Taa nyekundu ikawaka, haijazimika mpaka leo.

Jumanne yule dada akarudi. Hakunisalimia. Akaiweka CV mezani, kidole chake kwenye Uzoefu wa Kazi, chini kidogo ya ukarani: "Mzee wangu nivumilie, kodi ya miezi miwili nitaleta tarehe 5."

Nikameza mate. "Kwa hiyo... kwenye usaili walikuuliza nini, dada'angu?"

"Waliniuliza kama nimeshalipa."