Tabia ni ngozi? Doris hakubali

Tumezoea kusema tabia ni ngozi ya mwili, haibanduki. Mkarimu ni mkarimu, mchoyo ni mchoyo, basi. Mwaka 2002 John Doris, profesa wa falsafa wa Marekani, alitoa kitabu kizima kuipinga imani hiyo, na tangu nikisome simsifu mtu kwa wepesi kama zamani.

Silaha zake kaziokota kwa wanasaikolojia. Linalonichoma zaidi ni jaribio la Darley na Batson la mwaka 1973. Wanafunzi wa seminari ya Princeton walitakiwa kwenda jengo jingine kutoa mazungumzo mafupi, na baadhi yao walipewa mada ya Msamaria Mwema, yule wa Biblia aliyemsaidia majeruhi njiani. Njiani wakamkuta mtu kajikunyata mlangoni, macho kafumba, akakohoa mara mbili na kuguna. Kati ya walioambiwa muda bado upo, asilimia 63 walimsaidia. Kati ya walioambiwa wameshachelewa, asilimia 10 tu. Wapo hata waliomruka, wakaenda kumsimulia Msamaria! (Nilicheka, kisha nikakumbuka watu niliowapita mimi.)

Basi Doris anasema tunachokiita tabia ya mtu mara nyingi ni kazi ya mazingira. Jasiri wa vitani anaweza kunywea mbele ya bosi wake. Watetezi wa Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, hujibu kwamba mzee yule hakuwahi kudai fadhila, yaani tabia njema zilizokita ndani ya mtu, zimejaa mitaani, wanaozifikia ni wachache. Jibu hilo halinishibishi. Fadhila ya wachache kiasi hicho inanisaidia nini mimi?

Kinachonivutia ni ushauri wa Doris mwenyewe. Mwenzi wako kasafiri, na mtu mnayevutiana anakualika chakula cha jioni. Usijitape kwamba wewe ni mwaminifu, anasema; kataa mwaliko mapema, kabla mvinyo haujamiminwa. Ushauri mzuri. Lakini huyo anayejua pa kuteleza na kupakwepa tangu mapema, tumwite nani? Kwa Aristotle huyo ana busara, na busara kwake ni fadhila. Naona Doris kaipiga teke fadhila huku kaiegemea.

Ila wale wa Princeton siwezi kuwahukumu kwa kipimo hicho. Haraka yao hawakujipangia. Walipangiwa, na hawakujua.