Saratani ya tezi dume: kuugua ni swali moja, kufa ni jingine

Katika saratani zote zinazojulikana sana, ya tezi dume ni miongoni mwa zile ambazo urithi una nguvu kubwa zaidi. Utafiti wa mapacha zaidi ya 200,000 wa Denmark, Finland, Norway na Sweden, uliochapishwa mwaka 2016, ulikadiria kuwa asilimia 57 ya tofauti kati ya mtu na mtu katika kuupata ugonjwa huu hutokana na vinasaba. Kwa saratani ya matiti makadirio yalikuwa asilimia 31. Haina maana kwamba wagonjwa 57 katika kila 100 wameirithi; ni kipimo cha tofauti ndani ya jamii nzima. Hata hivyo ni kiwango kikubwa, na wanaotaka upimaji wa jeni uingizwe mapema katika huduma za Afrika Mashariki wana pa kusimamia.

Hoja yao ina uzito. Mwaka 2006 watafiti walitambua eneo kwenye kromosomu ya 8 linalobeba tofauti kadhaa za vinasaba za kuongeza hatari, na baadhi yake zinapatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Kufikia 2023, uchambuzi wa wagonjwa zaidi ya 156,000 ulikuwa umefikisha alama za vinasaba za namna hiyo 451. Kila moja ina athari ndogo, lakini zikijumlishwa zinatoa namba moja, yaani alama ya hatari ya mtu mmoja mmoja. Uingereza walipoijaribu alama hiyo kwa wanaume wa miaka 55 hadi 69, wale waliokuwa katika asilimia 10 ya juu waliitwa wapigwe picha ya MRI na kuchukuliwa kinyama (kipande kidogo cha tezi cha kuchunguzwa maabara). Kati ya 468 waliopimwa, 187 walikutwa na saratani, na zaidi ya nusu ya saratani hizo zilikuwa za daraja linalohitaji kuangaliwa kwa uzito. Nyingi kati ya hizo zisingegunduliwa kwa utaratibu wa kawaida wa kipimo cha damu cha PSA na picha.

Sasa tuangalie upande wa pili. Jaribio hilo lilihusu wanaume wenye asili ya Ulaya. Katika wagonjwa wale 156,000, wenye asili ya Afrika walikuwa takriban 19,000, na wengi wao ni Wamarekani weusi, ambao mababu zao walitoka zaidi Afrika Magharibi na ya Kati. Utafiti wa Kampala uliochapishwa mwaka 2018 ulikuwa na wagonjwa wasiozidi 600. Jeni iitwayo HOXB13 inaonyesha vizuri shida iliyopo: badiliko lake lililotambuliwa mwaka 2012 ni la watu wa Ulaya Kaskazini, na jingine lililokuja kutambuliwa baadaye ni la watu wenye asili ya Afrika Magharibi. Anayemuuzia mwanamume wa Mwanza au Kisumu kipimo kilichotengenezwa kwa kutafuta mabadiliko hayo, kisha akamwambia "uko salama", anampa uhakika ambao sayansi haijautoa.

Lakini tatizo kubwa zaidi ni kwamba kuugua na kufa ni maswali mawili. Alama nyingi kati ya hizo 451 zinasaidia kubashiri nani atapata saratani, na zinashindwa kutenganisha saratani ya kukua polepole, ambayo mtu anaweza kuzeeka nayo, na ile ya kukimbilia kwenye mifupa. Marekani, mwanamume mweusi ana uwezekano wa takriban mara mbili wa kufa kwa ugonjwa huu kuliko mweupe, na ni rahisi kuitupia lawama damu yake. Ila wanajeshi wastaafu zaidi ya 60,000 waliotibiwa katika mfumo mmoja wa huduma walipofuatiliwa, katika utafiti wa mwaka 2020, weusi hawakuonekana kufa zaidi ya weupe. Matibabu yakilingana, pengo hilo la vifo halikuonekana. Kwangu huu ni ushahidi mzito kuliko chati yoyote ya jeni.

Isichukuliwe, hata hivyo, kwamba urithi haugusi vifo kabisa. Nchini Sweden, watoto wa kiume wa baba waliokufa mapema kwa saratani hii wakaugua nao, walikuwa na hatari ya takriban mara mbili ya kufa nayo kuliko wale ambao baba zao waliishi nayo muda mrefu. Na kuna BRCA2. Jeni hii kazi yake ni kurekebisha DNA iliyovunjika. Ikiharibika, seli hukusanya makosa haraka. Katika wagonjwa wa Uingereza waliofuatiliwa, wenye kasoro za BRCA2 au za jeni inayofanana nayo kwa kazi, BRCA1, wengi wao wakiwa na BRCA2, waliishi kwa wastani miaka 8.6 kabla ya kufa kwa saratani hiyo, dhidi ya 15.7 kwa wasio nazo. Utafiti mwingine wa wagonjwa 692 ambao saratani ilikuwa imesambaa ulikuta asilimia 11.8 wamerithi kasoro katika jeni za kurekebisha DNA. Kwa hao kuna dawa, olaparib, iliyoidhinishwa Marekani kwa saratani hii mwaka 2020, inayoziba njia nyingine ya urekebishaji ili seli ya saratani ife. Bei yake, kwa familia nyingi za huku, ni mlango uliofungwa.

Ndiyo maana sikubaliani na anayesema jeni zisubiri mpaka tumalize mengine, wala na anayetaka tuanze na alama ya hatari kwa kila mwanamume wa miaka 50. Wagonjwa wengi wanafika Ocean Road au Mulago ugonjwa ukiwa umeshasambaa. Kwao kipimo cha PSA miaka mitano nyuma kingekuwa na faida kuliko alama 451. Ningeweka fedha kwanza kwenye PSA, maabara za kusoma vinyama na mionzi. Kisha, kwa mgonjwa ambaye saratani imesambaa, ningepima BRCA2, hata pale ambapo dawa haipatikani. Jibu hilo halimhusu yeye peke yake. Akikutwa na kasoro, kila mtoto wake, wa kiume na wa kike, ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuibeba, na kwa binti ni hatari ya saratani ya matiti, ambayo inaweza kukamatwa mapema, na ya ovari.

Kipo kipimo kingine cha urithi kisichohitaji maabara, nacho ni kuulizana nyumbani. Tatizo tunauliza upande mmoja. Mwanamume akiulizwa kama kuna saratani kwao hufikiria baba na baba wadogo, wakati BRCA2 inaweza kuwa imetoka kwa mama. Mjomba aliyeumwa mgongo miezi kadhaa, akashindwa kukojoa, akafa bila kuchukuliwa kinyama, anahusika. Mama mdogo aliyekufa kwa saratani ya matiti akiwa na miaka 38 anahusika pia. Fomu za kliniki zetu za mkojo zingeweza kuongeza mistari miwili ya maswali hayo kesho asubuhi, na aliyejibu "ndiyo" akaanza kupimwa PSA akiwa na miaka 40 badala ya 50.