Hati safi, gunia pungufu

Jumamosi nilikuwa Newala, kwenye mkutano mkuu wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya kwa bibi. Siitaji jina. Wa huko wataijua, na wasio wa huko wana ya kwao inayofanana nayo.

Mwenyekiti kasimama, kakohoa, katangaza: "Ndugu wanachama, mwaka huu tena tumepata hati safi!" Makofi. Vigelegele. Kuna mmoja nyuma kapuliza filimbi, sijui alikuja nayo ya nini. Kisha mhasibu akasoma hesabu kwa dakika sita, mizania, uchakavu, wadaiwa, kwa kasi ya mtu aliyeanika korosho na mvua inakuja. Wanaoafiki? Mikono juu. Zimepita.

Ndipo bibi akasimama. Bibi yangu hajui uchakavu wa mali za kudumu, anajua magunia. Kila gunia analopeleka ghalani, anaweka korosho moja kwenye kopo la Blue Band. "Mwenyekiti, kwenye kopo langu zipo kumi na nne. Benki nimelipwa magunia kumi na mawili. Yale mawili niliyoambiwa risiti yake nije kesho, yako ukurasa gani hapo?"

"Unyaufu, bibi."

Magunia mawili mazima! Korosho zilinyauka au zilihama? Alipotaka kuendelea akaambiwa: "Bibi, hesabu zimekaguliwa. Kaa, ajenda ni nyingi." Akakaa. Mimi hata pilau la mkutano lilinishinda, na mnaonijua mnajua hilo si jambo dogo.

Sasa naomba kuuliza: nani alitudanganya kwamba hati safi maana yake hakuna aliyeiba? Mkaguzi mwenyewe hasemi hivyo. Anachosema ni kwamba ana uhakika wa kiasi, si uhakika wote, kuwa taarifa zile hazina kosa kubwa la kumpotosha msomaji. Anachukua sampuli, hapekui kila karatasi. Na viwango vya kimataifa vya ukaguzi vinatamka kuwa kazi ya kuzuia na kugundua ulaghai ni ya bodi na menejimenti kwanza. Yaani ni ya hao hao waliomkalisha bibi! Gunia lisiloandikwa kitabuni haliwezi kuonekana kwenye hesabu zilizotoka kitabuni. Mkaguzi atajumlisha vizuri kabisa, jumla itakubali, hati itatoka safi kama kanzu ya Idi, na bibi atabaki na kopo lake.

Enron ya Marekani ilipofilisika Desemba 2001, hesabu zake zilikuwa zikipitishwa na Arthur Andersen, mojawapo ya kampuni tano kubwa za ukaguzi duniani. Aliyeandika barua ya kumwonya mwenyekiti, Agosti ya mwaka huo, alikuwa mama wa ndani ya kampuni, Sherron Watkins. Na ripoti ya mwaka 2024 ya ACFE, chama cha kimataifa cha wachunguzi wa ulaghai, inasema asilimia 43 ya matukio waliyoyachambua yaligundulika kwa sababu kuna mtu alisema. Wakaguzi wa nje? Asilimia 3. Kwa hiyo mtambo wetu bora wa kugundua wizi ni bibi na kopo lake, na sisi tunamwambia akae.

Mpwa wangu anasomea uhasibu. Utafiti wake ni kamati za ukaguzi na ubora wa taarifa za fedha kwa kampuni zilizo Soko la Hisa la Dar es Salaam. Nikamuuliza, mbona si AMCOS, wakati ada yako inatoka kwenye korosho? "Mjomba, ripoti za kampuni zipo mtandaoni." Haya.

Sawa, nikiri. Mizani ya kidijitali imesaidia, malipo ya benki yamesaidia, na hati chafu isingekuwa afadhali. Stakabadhi ghalani yenyewe, ule mfumo wa kukusanya korosho ghalani ziuzwe kwa mnada, tangu ianze huku Mtwara msimu wa 2007/08, siitaki ife. Nani anataka kurudi mikononi mwa kangomba, wale walanguzi wa vijijini? Lakini mmesahau Liwale, kule Lindi? Aprili 2013 watu walitegemea malipo ya pili ya korosho ya shilingi 600 kwa kilo, wakaambiwa 200, nyumba za viongozi zikawaka moto. Sishabikii moto. Ila makaratasi yalikuwepo hata wakati ule.

Ninachotaka ni karatasi moja, ibandikwe mlangoni pa ghala wiki mbili kabla ya mkutano: jina, kilo zilizopokelewa, kilo zilizouzwa mnadani, na kila kato kwa shilingi yake. Uchakavu wabaki nao.

Bibi anakwenda kwa afisa ushirika Jumatatu. Kopo kalifunga kwenye kanga. Hela ya bodaboda nimetoa mimi, kwenda na kurudi.