Vimeng'enya vya Chupa kwa Mwenye Kisukari: Vinamfaa Nani?

Akabosi ni dawa wanayopewa baadhi ya wenye kisukari cha aina ya pili, na kazi yake ni kuvizuia vimeng'enya vya utumbo visivunje wanga haraka, ili sukari iingie kwenye damu polepole. Rafu ya pili ya duka hilohilo la dawa huenda ina chupa za vimeng'enya vya kuvunja wanga, na muuzaji anazinadi kwa mgonjwa yuleyule: zinalainisha mmeng'enyo, zinaondoa gesi, zinasaidia sukari. Kuondoa gesi kunawezekana. Hilo la sukari ndilo linalotakiwa kupimwa.

Kongosho ina kazi mbili. Visiwa vidogo ndani yake, ambavyo ni takriban asilimia 1 hadi 2 tu ya uzito wake, hutengeneza insulini. Sehemu kubwa iliyobaki hutengeneza vimeng'enya: amilesi ya wanga, lipesi ya mafuta, na vile vya kuvunja protini. Wanaotetea chupa hizi wana hoja ya kweli hapa. Tezi ni moja, na ugonjwa ukiila upande mmoja, upande wa pili hauachwi salama. Aliyeugua uvimbe sugu wa kongosho, mara nyingi kwa pombe, au aliyekatwa kongosho, anaweza kupata kisukari kiitwacho aina ya 3c. Zipo pia kongosho zinazojaa mawe kwa vijana wa nchi za joto wasio na historia yoyote ya pombe. Watu hawa wanakosa insulini na vimeng'enya kwa pamoja, na kwao vimeng'enya ni tiba halisi.

Hoja hiyo huanza kuvutwa kupita kiasi inapohamishiwa kwa kila mwenye kisukari. Ni kweli kwamba baadhi ya wagonjwa wa aina ya kwanza na ya pili wakipimwa elastesi, kimeng'enya kimojawapo cha kongosho, kwenye choo huonekana iko chini. Lakini kongosho ina akiba kubwa: choo cha mafuta hutokea uwezo wake wa kutoa lipesi unaposhuka hadi karibu asilimia 10. Kipimo cha chini bila dalili si ushahidi wa upungufu unaohitaji dawa, na choo chepesi chenye maji kinaweza kukishusha kipimo hicho bila kongosho kuwa na kosa. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa vituo kadhaa kwa wagonjwa 80 wanaotumia insulini na wenye elastesi ya chini. Baada ya wiki 16, waliopewa vimeng'enya halisi hawakuwa na nafuu kuliko wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa kwenye HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3.

Wapinzani nao hutia chumvi. Wanasema vimeng'enya vitapandisha sukari ya kila anayevinywa. Mwenye kongosho nzima tayari anauvunja wanga wa ugali wake karibu wote. Amilesi ya ziada haina kazi kubwa iliyobaki. Hasara yake zaidi ni fedha, na dalili inayofichwa. Wa kuhofia kupanda kwa sukari ni yule aliyekuwa na upungufu wa kweli: chakula kilichokuwa kinapita bila kufyonzwa sasa kinafyonzwa, na insulini ya zamani haitoshi. Kinyume chake ni hatari zaidi. Akiishiwa vidonge akaendelea kuchoma dozi ileile ya insulini, sukari inaweza kuporomoka, na kwa aina ya 3c mwili mara nyingi umepoteza pia glukagoni, homoni ambayo ingeinyanyua.

Dozi ndiyo inayotenganisha dawa na bidhaa ya rafuni. Kwa mtu mzima mwenye upungufu, kawaida huanza na uniti 40,000 hadi 50,000 za lipesi kwa mlo mkubwa na nusu yake kwa kitafunio. Lebo inayotaja miligramu tu haikuambii nguvu yoyote. Vidonge humezwa pamoja na matonge ya kwanza, na mlo ukiwa mrefu dozi inagawanywa. Ukivinywa saa moja kabla, vinapita bila kukutana na chakula. Havitafunwi wala havisagwi, maana vinaweza kuunguza mdomo na asidi ya tumbo inaviharibu. Havishushwi kwa chai ya moto. Joto linaviua: chupa iliyosahauliwa ndani ya gari Dar es Salaam au Mombasa ni ya kutupa. Dozi sahihi isipofanya kazi, daktari anaweza kuongeza omeprazoli ili kupunguza asidi. Na jambo ambalo wauzaji hulikwepa: dawa hizi, Creon ikiwamo, hutokana na kongosho ya nguruwe. Mgonjwa Mwislamu anastahili kuambiwa mapema, aulize anaowaamini, badala ya kugundua mwenyewe na kuacha kimyakimya.

Wengi wanaotafuta chupa hizi, hata hivyo, wanasumbuliwa na gesi na kuhara, na mara nyingi chanzo ni metformini, dawa nyingine ya kushusha sukari. Hapo dawa inanywewa katikati ya mlo, inaanza na miligramu 500 na kupandishwa taratibu, au inabadilishwa kuwa ya kutoka polepole. Maharage yalowekwe usiku kucha na maji yamwagwe. Maziwa yakikusumbua, mtindi huvumilika zaidi. Ukitumia kidonge cha laktesi, kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa, kumbuka kwamba kikombe cha mililita 250 kina gramu 12 hivi za sukari ya maziwa, na sasa zote zinaingia mwilini. Anayetumia akabosi asiizime gesi yake kwa amilesi: anakuwa amelipia dawa mbili zinazofutana. Na sukari ikimshuka chini ya 4.0 mmol/L, anywe glukosi yenyewe, gramu 15 hadi 20, kwa sababu sukari ya mezani inasubiri kuvunjwa na kimeng'enya kilekile alichokifungia.

Choo cheupe chenye mafuta na harufu kali, uzito unaopungua ilhali unakula, maumivu ya juu ya tumbo yanayochoma hadi mgongoni: hizo ni dalili za kwenda nazo hospitali, hasa kisukari kikiwa kipya na umri umevuka miaka 50, kwa kuwa hata saratani ya kongosho huingia kwa mlango huo. Kipimo cha elastesi kisipopatikana, daktari anaweza kujaribu dozi kamili kwa wiki 4 hadi 6, mgonjwa akipima uzito kila wiki, na sukari kabla ya mlo na saa 2 baadaye. Uzito usipopanda na choo kisipobadilika, chupa ya pili isinunuliwe.